Jedwali la Safu Mbili

Wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Yamkini wahenga hao hawakuwahi kuketi usiku wa manane mbele ya rundo la vijitabu vya shule za kimataifa, kila kimoja kikiwa na picha ya mtoto anayecheka akiwa ameshika darubini. Mama mmoja, mzaliwa wa Kibokoni katika Mji wa Kale wa Mombasa, aliketi hivyo jijini Geneva mwezi wa Januari mwaka wa 2023. Alikuwa amelitumikia shirika moja la Umoja wa Mataifa kwa zaidi ya mwongo mmoja, na sasa aliambiwa achague kituo kimoja kati ya viwili: Nairobi au Dar es Salaam. Jibu lilitakikana kabla ya mwisho wa Machi. Alichukua karatasi, akapiga mstari wa wima katikati, akaandika jina la jiji moja upande wa kushoto na la pili upande wa kulia.

Familia yenyewe ilikuwa ya watu wanne. Mume, Mjerumani, alikuwa mchoraji wa ramani za majengo ambaye kazi yake ingeweza kufanyika popote penye umeme na intaneti. Binti alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, mdogo wake wa kiume miaka saba. Watoto hao walizungumza Kijerumani na baba, Kifaransa mtaani na Kiingereza shuleni. Kiswahili hawakukijua. Mama hakuwanyima kwa dharau. Alisoma shule ya msingi Mombasa wakati ambapo mwanafunzi aliyefumaniwa akisema Kiswahili siku ya Kiingereza alivikwa diski shingoni, kipande cha mbao kilichotobolewa na kutiwa kamba, akakaa nacho hadi amnase mwenzake. Aliivaa mara nyingi. Mtu aliyelelewa hivyo akifika Ulaya na kujifungua mtoto, aghalabu ulimi humpeleka kwenye lugha isiyokuwa na adhabu, na miaka kumi na mitatu hupita kama mchezo.

Ni vyema kueleza kidogo asili ya shule zenyewe, kwani wengi huzifahamu kwa kuta zake tu. Shule ya Kimataifa ya Geneva ilianzishwa mwaka wa 1924 kwa ajili ya watoto wa watumishi wa Jumuiya ya Mataifa na wa Shirika la Kazi Duniani. Katika jiji hilohilo, mwaka wa 1968, ndipo ulipozaliwa mpango wa Baccalaureate ya Kimataifa, au IB, ambao leo husomeshwa katika nchi nyingi. Lengo lilikuwa la maana: mtoto wa mtumishi anayehamishwa kila baada ya miaka michache asipoteze masomo. Aweze kufunga kitabu Geneva mwezi wa Juni na kuendelea mwezi wa Agosti katika bara jingine, palepale alipoachia. Sifa kuu ya shule za namna hii, basi, ni kufanana. Kwa sababu hiyo, mzazi anayelinganisha miji miwili kwa ajili ya shule hizi hulinganisha hasa yale yasiyokuwamo shuleni. Vijitabu havilisemi jambo hili.

Safu ya Nairobi ilijaa upesi. Jiji hilo ndilo makao makuu ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lililoanzishwa mwaka wa 1972, na ya shirika la makazi lililofuata mwaka wa 1978, na hakuna makao makuu mengine ya Umoja wa Mataifa barani Afrika. Palipo na watumishi wengi pana watoto wengi, na palipo na watoto wengi shule huchipuka. Kandokando ya Gigiri, Runda na Kitisuru mzazi hupata takriban kila mtaala autakao. Shule ya Kimataifa ya Kenya, iliyofunguliwa mwaka wa 1976, ipo katika ardhi iliyokuwa shamba la kahawa. Zipo za mtaala wa Kiingereza, za gharama kubwa na za wastani, kuanzia Karen hadi Lavington. Ipo ya Wafaransa. Ipo pia ya Wajerumani, ya tangu mwaka wa 1969, na hiyo baba aliitilia mstari kwa wino mwekundu.

Safu ya Dar es Salaam ilikuwa fupi. Shule zipo, tena nzuri, lakini mzazi huzihesabu kwa vidole na vidole humtosha. Iliyo kongwe zaidi katika hesabu ya mama huyo ilianzishwa mwaka wa 1963 na hadi leo huitwa Shule ya Kimataifa ya Tanganyika. Nchi ilibadilisha jina mwaka uliofuata, shule haikubadilisha. Majina haya yana masimulizi yake. Shule ya Wajerumani ya Nairobi ina jina la Michael Grzimek, aliyefariki katika ajali ya ndege huko Tanganyika mwaka wa 1959. Nayo Rosslyn Academy, shule ya Kikristo iliyo Nairobi, ilianza mwaka wa 1947 upande wa Ziwa Nyanza katika Tanganyika, ikavuka mpaka mwaka wa 1967. Hata neno lenyewe limevuka: Watanganyika walilipata neno "shule" kwa Wajerumani, ilhali bibi wa watoto hawa, kama wazee wengi wa Mombasa, husema "skuli" hadi leo. Mjukuu anayemwambia baba yake "Schule" na bibi anayesema "skuli" wangeweza kukutana katikati, kama angekuwapo wa kuwakutanisha.

Mistari mingine ya jedwali haikumchukulia muda. Nairobi ipo takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, baridi ya Julai inajulikana na malaria si tishio la kila siku. Dar es Salaam kuna joto, unyevu na vyandarua. Misongamano ya magari ni sawa kwa sawa, mwenye jiji asimcheke mwenzake. Nairobi walikuwa wamefungua barabara yao ya kulipia mwaka wa 2022, na mwaka uohuo Dar es Salaam wakafungua Daraja la Tanzanite, ambalo liliwapunguzia adha wazazi wenye mtoto mmoja Upanga na mwingine Masaki.

Mstari wa usalama aliuandika, akaufuta, akauandika tena. Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu yalilipuka katika balozi za Marekani za miji yote miwili asubuhi moja, na zaidi ya watu mia mbili wakapoteza maisha Nairobi pekee. Yeye mwenyewe alikuwa mwanafunzi wa sekondari siku hiyo. Kisha Nairobi ikapata Westgate mwezi wa Septemba 2013. Kwa hivyo aliipa Dar es Salaam alama, kwa kuwa jina lake ni bandari ya salama na kwa miaka mingi wageni wamelichukua jina hilo kama ahadi. Jedwali halina macho ya kuona mbele. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu wa Tanzania, vurugu zilizuka, amri ya kutotoka nje ikatangazwa na intaneti ikakatwa, na mama huyu alikaa siku kadhaa bila ya kuweza kumwandikia mama yake aliye Mombasa kwamba wajukuu ni wazima.

Kisha ikaja hesabu ya fedha. Katika miji yote miwili, shule za ngazi ya juu hutoza zaidi ya dola 20,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi mmoja wa madarasa ya mwisho. Hakuna mshahara wa kawaida unaobeba watoto wawili wa namna hiyo. Kanuni za Umoja wa Mataifa humlipa mtumishi wa kimataifa ruzuku ya elimu inayorudisha sehemu kubwa ya karo, maadamu anafanya kazi nje ya nchi yake. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyomsimamisha. Nje ya nchi yake! Akienda Dar es Salaam, yeye ni mgeni na ruzuku ipo. Akienda Nairobi, amerudi kwao na ruzuku haipo. Kiswahili hakina neno moja linalomtosha mtu wa aina hii. "Mgeni" ni wa siku chache, akifika siku ya tatu hupewa jembe. "Mhamiaji" huja kukaa. "Mzungu" humwacha nje Mkongomani wa Gigiri na Mkenya wa Masaki, ambao nao huwapeleka watoto wao shule hizohizo. Kanuni haikuhitaji neno. Ilimtambua kwa pasipoti, na ikaweka bei juu ya kurudi nyumbani.

Hapo jedwali lingeweza kufungwa. Lakini mama aliongeza mstari mmoja chini kabisa, akauandikia neno moja: lugha.

Chanzo cha mstari huo kilikuwa miezi sita nyuma. Tarehe 7 Julai 2022 Siku ya Kiswahili Duniani iliadhimishwa kwa mara ya kwanza, baada ya UNESCO kuitangaza mwezi wa Novemba mwaka uliotangulia. Ofisini kwake iliandaliwa hafla ndogo, naye akaombwa aseme machache kwa kuwa ni mzaliwa wa pwani. Alisema. Kiswahili chake kilikuwa bado kimenyooka, na watu walipiga makofi. Binti yake alikuwa ameketi safu ya pili, na pembeni yake mfanyakazi kutoka Burundi alimwinamia akimtafsiria, kwa Kifaransa na kwa upole, maneno ya mama yake mzazi.

Mwezi wa Februari, wakati wa likizo fupi, walisafiri wote wanne kukagua shule.

Nairobi iliwapokea kwa wema mkubwa. Kwenye lango la shule ya kwanza mama alimsalimu mlinzi kwa Kiswahili, naye akaitika kwa Kiswahili, kisha akawageukia watoto na kuwakaribisha kwa Kiingereza safi. Kwenye mkahawa yule mdogo, aliyefundishwa sentensi moja ndani ya ndege, alisema kwa sauti kwamba anataka maji. Mhudumu alitabasamu na kumuuliza kwa Kiingereza kama anayataka baridi. Alifanya hivyo kwa ukarimu, na ukarimu huo ndio uliokuwa mashaka yenyewe. Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, lakini mgeni wa Nairobi anaweza kuishi miaka minne pasi na kukihitaji hata siku moja, kwa kuwa kila anayemwendea humwahi kwa Kiingereza. Waliohitimu katika Kiswahili hawamo nje ya lawama hii. Wangapi kati yao huanza na Kiswahili wanapouona uso wa kigeni?

Shuleni, mwalimu aliyewatembeza alisema kwamba Kiswahili kinafundishwa, na kwa wiki kina vipindi vyake. Darasani wanafunzi walikuwa wakitaja rangi, kisha wanyama, kila mmoja akishika kadi yenye picha. Baadhi yao walikuwa Wakenya. Binti hakulijali sana darasa hilo. Yeye alipendezwa na ukumbi wa maigizo, na kundi la wasichana waliomzunguka wakati wa mapumziko, na matatu moja iliyopita ikiwa imechorwa kila upande kama nyumba ya sanaa. Usiku ule alichukua jedwali la mama, akaandika kwa mkono wake katika safu ya kushoto: hapa. Hakuandika sababu.

Dar es Salaam joto liliwapiga mlangoni pa ndege. Shule waliyoikagua ilikuwa na miti mingi na wanafunzi wachache kuliko za Nairobi, na ndani ya uzio Kiingereza kilikuwa kilekile, kadi za wanyama zilezile. Haifai kuipamba Dar es Salaam. Masaki kuna familia zilizokaa miaka mitano na zinazojua "mambo" na "poa" tu, ukuta kwa ukuta, dereva hadi dereva. Lakini ukuta huko una matundu mengi. Mlinzi wa nyumba ya wageni hakuwa na Kiingereza cha kumwahi mtu. Wala dereva wa bajaji hakuwa nacho. Jioni walikwenda Coco Beach, na mama akampa mwanawe noti akanunue mihogo ya kukaanga. Mwuzaji, mwanamke wa makamo, alimtazama akangoja. Mtoto naye akangoja. Hatimaye mwanamke akamwambia kwamba mtu mzima huamkiwa, akamtamkia neno, na mtoto akalirudia: shikamoo. Akaitikiwa marahaba. Kisha akaulizwa kama anataka pilipili. Alimgeukia mama yake, lakini mama aliitazama bahari. Mtoto akasema ndiyo.

Alilia kidogo. Neno pilipili hakulisahau tena, na kesho yake alilitumia mara tano, kila mara kwa kukataa.

Walipokuwa bado hapo, mama alimwuliza mratibu wa masomo kuhusu mpango wa Kiswahili katika miaka miwili ya mwisho ya sekondari. Alielezwa kwamba diploma ya IB ina kozi ya Kiswahili iitwayo ab initio, maneno ya Kilatini yenye maana ya tangu mwanzo, iliyotungwa kwa mwanafunzi asiyekuwa na ujuzi wowote wa lugha hiyo. Binti yake, mratibu alisema kwa furaha, angefaa kabisa. Hana sifa yoyote ya kumzuia. Mama alicheka kwa adabu. Kwenye gari hakusema kitu hadi walipofika hotelini. Mjukuu wa Kibokoni, ambaye nyanya wa nyanya zake walizaliwa na kuzikwa wakisema lugha hiyo, alikuwa mwanafunzi wa mfano kwa kozi ya wasioijua.

Bibi mwenyewe alipopigiwa simu aliipendekeza Nairobi bila kusita. Treni ya Mombasa ilikuwa ikienda tangu mwaka wa 2017, saa tano au sita mtu amefika. Dar ni kuvuka mpaka. "Mwanangu, hapa ni kwenu," alisema. "Huko mwenda kutafutani?" Mama alimweleza habari za ruzuku. Bibi akanyamaza, kisha akasema kwamba yeye hakuuliza habari za pesa. Baba aliitetea shule ya Wajerumani siku mbili, akaacha. Binti hakuacha. Alisema, na alikuwa na haki, kwamba Kiswahili kilikuwa deni la mama na haoni kwa nini alilipe yeye kwa marafiki na ukumbi wa maigizo. Hakuna mstari katika jedwali lolote unaoweza kuijibu hoja hiyo. Mama hakuijibu. Mwisho wa Machi alituma barua akichagua Dar es Salaam, na hadi leo hawezi kusema kwa uhakika ni kiasi gani cha uamuzi huo kilikuwa lugha na kiasi gani kilikuwa karo.

Walihamia mwezi wa Agosti 2023. Mdogo alikiokota Kiswahili kama mtoto anavyookota maembe, kwa mlinzi, kwa dada wa jikoni, kwa watoto wa jirani waliocheza mpira nje ya geti. Binti alikataa. Alikaa chumbani na simu, akizungumza na Geneva. Alihudhuria vipindi vya Kiswahili shuleni na kufaulu mitihani yake midogo ya maneno, kwa kuwa alikuwa mwanafunzi hodari, lakini nje ya darasa hakutamka hata neno moja.

Mwezi wa Desemba walikwenda Mombasa kwa gari, takriban kilomita 500 kupitia Tanga, wakavuka mpaka kati ya Horohoro na Lunga Lunga, na jioni wakapanda feri ya Likoni. Bibi aliwangojea barazani. Mdogo alitangulia, akaamkia, akaketi, akasema: "Bibi, naomba maji." Bibi alimtazama, akacheka hadi akajifuta machozi kwa ncha ya leso. Mjukuu wake asema kama redio, aliwaambia majirani. Si wa Mvita huyu, huyu ni wa taarifa ya habari. Alimwambia "ndoo hapa," na mtoto akatazama huku na huko akitafuta ndoo ya kuchotea maji, kwa kuwa yeye alizoea kuambiwa "njoo". Wakacheka wote wawili. Lugha ilikuwa moja, na yenye nafasi ya kucheka ndani yake.

Binti alisimama mlangoni. Aliamkia kama alivyofundishwa, akaitikiwa, na hapo pakawa kimya.

Asubuhi ya siku ya pili bibi alikuwa jikoni akitayarisha wali. Alivunja nazi mbili, akamwita binti, na kwa kuwa hakuwa na lugha nyingine alimwambia kwa lugha yake: akalie mbuzi, amkunie nazi. Binti alielewa nazi. Alielewa mbuzi pia, kwa kuwa ilikuwa kadi ya tatu katika ile seti ya wanyama. Alitoka nje hadi uani. Akachungulia nyuma ya tangi la maji, akachungulia uchochoroni, akarudi akasimama kizingitini. Mama yake alikuwa pale pale akichambua mchele, na mdomo wake ulikwisha funguka kutafsiri, lakini aliufunga.

"Bibi," binti alisema polepole, akiipanga sentensi kama anayevuka mto kwa mawe, "mbuzi yuko wapi?"

Bibi aliinama chini ya meza, akavuta kile kigoda cha zamani chenye ulimi wa chuma wenye meno, akakigonga kutoa vumbi, akakiweka mbele yake.

"Hii hapa," alisema.

Binti alikitazama kigoda. Kisha akamtazama bibi yake. "Hii?" aliuliza. "Si huyu?"

"Hii," bibi alisema, akimwonyesha namna ya kuketi.